Kiti cha Aliyesusa

Shangazi hakuniuliza watakuja watu wangapi. Aliniuliza, "Watakuja akina nani?" Na mimi, mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa ambayo kwa mwaka mzima hakuna aliyeiuliza swali lolote, nikakaa juu ya mnara wa viti vya plastiki nifikirie jibu.

"Shuka hapo," alisema. "Hivyo ni vya harusi ya Kashozi."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, ghalani kwake Bukoba mjini. Shangazi hukodisha viti, maturubai na masufuria makubwa kwa ajili ya harusi, misiba, kipaimara na mahafali. Simu aliyokuwa amemaliza kuzungumza ilitoka hoteli moja ya kando ya ziwa. Nchi mbili zilizokuwa hazielewani, zote za mbali na kwetu, zingekutana hapo Jumamosi kwa mazungumzo ya amani. Baadaye tuliambiwa kwamba miji mikubwa yote ilipendekezwa ikakataliwa, kila upande ukidai mji ule una urafiki na wenzao. Bukoba haikukataliwa na yeyote, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuisikia.

Hoteli ilikuwa na viti vyake, lakini nusu vilikuwa na mikono na nusu havina. Maofisa waliotangulia walipoviona walitoka nje kupiga simu wakiwa na nyuso za watu waliokuta nyoka. Ndipo Shangazi akatafutwa.

Sharti la itifaki lilikuwa hili: orodha ya wajumbe ni siri mpaka asubuhi yenyewe, na idadi yao ni siri vilevile. Hata hivyo viti vitoshe na visizidi. Kiti kikizidi upande mmoja, magazeti yatasema kuna mkubwa amekataa kuja.

"Kwa hiyo utaniambia wewe," Shangazi alisema. "Si ndicho ulichosomea?"

Sikuwa nimesomea hicho. Nilisomea kwa nini mataifa hugombana, na hata hilo nililiandikia tasnifu yenye maneno "huenda" mengi kiasi kwamba msimamizi wangu aliyazungushia duara kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wino ukamwishia. Lakini sikuweza kukataa. Shangazi alikuwa amepanga ghala la pili Muleba mjini na alitafuta mtu wa kulisimamia. Mtu huyo angeweza kuwa mimi. Nisipokuwa mimi, ningerudi Nshamba kuchuma kahawa kwenye kibanja cha baba, na kila jioni baba angeniuliza, mbele ya yeyote aliyekuwepo, kama kahawa nayo ina uhusiano wa kimataifa.

Baba alikuwa amesusa. Siku niliyomwambia nimepata kazi kwa dada yake, alisema, "Sikukusomesha ukahesabu makalio ya watu," akaapa kwamba hatakanyaga mahali popote penye viti vya Shangazi. Tangu hapo alikuwa ameacha kwenda hata harusini.

Na nilikuwa tayari nimetumia nafasi zangu mbili. Ya kwanza ilikuwa msiba mmoja Rubya, ambako nilisimama uwanjani nikitafakari jua litakuwa upande gani saa nane, na wazee wa ukoo upi wana haki ya kivuli, mpaka jeneza likafika kabla ya viti. Ya pili siitaji, ilihusu mkwe na mama mkwe wake kukaa wakitazamana muda wote wa chakula.

"Hii ni ya tatu," Shangazi alisema. "Patia, uende Muleba. Kosea, nikupe nauli ya Nshamba."

Kwa Shangazi, idadi ni swali la wavivu. Wageni sabini wa harusi ya Kashozi si sawa na wageni sabini wa msiba wa Rubya. Anataka kujua kama yule mjomba mnene atakuja, maana anahitaji viti viwili vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Anataka kujua kuna bibi wangapi wasioweza kuinuka kutoka kiti cha chini. Na baada ya kupanga vyote, huongeza kimoja, mstari wa mbele, pembeni kidogo, na huzuia mtu yeyote asikikalie. Hicho hukiita kiti cha aliyesusa.

Kila ukoo kwetu una mtu wa namna hiyo. Hakushirikishwa mapema, au alishirikishwa na mtu mdogo, au alipewa mguu wa mbuzi usio wake miaka kumi iliyopita. Ametangaza kwamba haji. Halafu, chakula kikiwa karibu kupakuliwa, anaonekana kwenye njia ya mgombani, amevaa koti, anatembea kama mtu aliyepotea njia. Akikuta hakuna kiti, anageuka na kurudi, na ukoo unagombana miaka mingine kumi. Akikikuta, Shangazi humpelekea kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Mtu hatafuni kahawa ya watu akiwa amesimama. Anakaa, mambo yanakwisha.

Siku mbili zilizofuata sikufanya kazi nyingine. Nilisoma kila habari iliyopatikana kwenye simu. Nilisikiliza hotuba za wakubwa wa nchi zote mbili, nyingine mara nne, nikijaribu kusikia kama mtu anayesema "tuko tayari" amekwisha kufunga begi. Dereva wa Shangazi, mzee anayeimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, alichoka na majina magumu ya nchi hizo akaziita Juu na Chini, kwa sababu kwenye ramani ya simu yangu moja ilikuwa juu ya nyingine.

"Msomi," aliniita Alhamisi mchana, "Juu wamefika wangapi?"

"Kumi, mzee. Huenda kumi na mmoja. Mkalimani wao ana mafua."

"Umejuaje ana mafua?"

"Nimemsikia kwenye video akipenga."

"Sasa mafua yanamzuia kupanda ndege, au yanamwongezea msaidizi wa kubeba leso?"

Alikuwa anatania, lakini nililifikiria swali hilo mpaka jioni.

Ijumaa orodha yangu ilikuwa kamili: wajumbe kumi wa Juu, kumi wa Chini, kila mmoja na cheo chake, na pembeni ya kila cheo neno "huenda" au "inawezekana". Kiongozi wa Chini angekuwa balozi wao mzee. Kiongozi wa Juu, naibu waziri. Mtu mmoja tu nilimwandikia neno tofauti. Alikuwa jenerali mstaafu wa Juu, mtu mwenye nyusi nzito, aliyesema redioni kwamba hataketi chumba kimoja na watu wa Chini hata akibebwa akiwa amekufa. Alilisema Jumatatu, akalirudia Jumanne, na Alhamisi akaitisha waandishi wa habari ili alirudie vizuri zaidi.

Mbele ya cheo chake niliandika: Hatakuja. Uhakika.

Shangazi alisoma orodha akiwa amevaa miwani ya kusomea Biblia.

"Na kiti cha aliyesusa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimweleza kwamba mataifa si ukoo. Kwamba maneno ya mkubwa yakishatoka redioni yanakuwa msimamo wa nchi, na msimamo haubadiliki kwa sababu ya harufu ya chakula. Kwamba kiti kitupu mbele ya kamera ni tusi. Nilisema kwa muda mrefu. Nilitumia mikono. Dereva aliacha kufunga kamba akanisikiliza.

"Mimi nimeishia darasa la saba," Shangazi alisema mwishoni. "Wewe ndiye umesoma. Sawa. Tusiongeze."

Usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo lingetosha kunitahadharisha.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa hotelini. Viti ishirini, vyote vya aina moja, vyote vyeupe, vimevalishwa vitambaa vya kijani, rangi ambayo nilihakikisha haimo kwenye bendera ya yeyote. Nilikuwa nimekalia kila kimoja ili nione kama kinalia. Kimoja kililia nikakibadilisha, halafu nikapata wasiwasi kwamba kisicholia kabisa nacho kina walakini. Lorini vilibaki vitu vya harusi ya Kashozi iliyokuwa ianze saa nane: maturubai na sofa la maharusi. Viti vya wageni vilikwisha kutangulia.

Sofa hilo ndilo fahari ya Shangazi. Ni jeupe, la watu wawili, lina kingo za rangi ya dhahabu, na kwenye egemeo kuna moyo mkubwa uliochongwa kwa mbao ukiwa umezungukwa na maua ya waridi ya plastiki.

Saa tatu wajumbe waliingia. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikihesabu midomo ikinicheza. Naibu waziri wa Juu, yupo. Balozi mzee wa Chini na fimbo yake, yupo. Washauri wa sheria, wote wawili. Mkalimani akiwa na leso, yupo, bila msaidizi. Kumi. Kumi. Kila mtu alikaa, na hakikubaki kiti hata kimoja. Afisa itifaki, dada mrefu aliyetoka Dodoma na mafaili mawili kwapani, alinitazama akainamisha kichwa kwa heshima. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata kwenye mahafali.

"Hongera, msomi," dereva alininong'oneza. "Muleba hiyo."

Nikaanza kufikiria nitapanga vipi ghala la Muleba.

Zilipita kama dakika arobaini. Naibu waziri alikuwa bado anasoma salamu zake. Gari jeusi likaingia uwanjani, na kwa namna mlango wake ulivyofunguliwa taratibu, nikajua ni nani. Jenerali alishuka. Alisimama kwanza akatazama ziwa, kama aliyekuja kwa ajili ya ziwa. Kisha akaingia ukumbini akasimama hatua mbili ndani ya mlango, mikono nyuma, nyusi zimeshuka.

Niliufahamu usimamaji ule. Nimeukuta misibani na harusini maisha yangu yote. Alichokosa ni njia ya mgombani tu.

Naibu waziri aliacha kusoma. Jenerali akasema kitu kwa lugha yao, na mkalimani, kwa pua iliyoziba, akatafsiri: "Naona sikutarajiwa."

Afisa itifaki alinifikia kwa hatua tatu. "Kiti."

"Hakuna."

"Hakuna maana yake nini?"

"Niliandika uhakika," nilisema, kama vile hilo lingemsaidia.

Kijana mmoja wa Juu aliinuka kumpa jenerali kiti chake. Jenerali alikitazama kile kiti cha plastiki chenye kitambaa cha kijani, kisha akamtazama kijana, na kijana akakaa tena bila kuambiwa. Mfanyakazi wa hoteli akaleta kiti cha hoteli, chenye mikono. Upande wa Chini ukaguna wote kwa pamoja: mbona yeye apate mikono? Kiti kikarudishwa. Akaletewa kisicho na mikono. Upande wa Juu ukaguna. Kikarudishwa nacho. Jenerali alitazama saa yake, kisha mlango. Mguu wake wa kulia ulikwisha kugeuka.

Nilikimbilia nje. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori anakunywa chai.

"Amekuja," nilisema.

"Nimemwona. Lile koti lake amelipiga pasi leo asubuhi." Akanywa funda moja. "Shusheni sofa."

"Shangazi, lile ni la maharusi!"

"Ni kiti."

"Ni la watu wawili!"

"Basi hatabanwa. Shusheni, anaondoka!"

Mimi na dereva tuliliingiza sofa kupitia mlango mkubwa, moyo ukiwa mbele. Shangazi alikuja nyuma yetu na kitenge mkononi, akaufunika ule moyo kwa haraka, lakini mpiga picha mmoja alikuwa amekwisha kubonyeza. Jenerali alilizunguka sofa mara moja. Akaligusa kwa kidole. Akakaa, katikati, na kwa mara ya kwanza nyusi zake zikapanda.

Sasa Chini ndio wakasimama. Mwanasheria wao alizungumza haraka sana na mkalimani wao akafupisha: kiongozi wetu hawezi kukaa kwenye plastiki wakati mtu wao amekaa kwenye kiti cha enzi.

Afisa itifaki alimgeukia Shangazi. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Mama, mna sofa lingine kama hili?"

"Mwanangu," Shangazi alisema, "harusi moja sofa moja. Ningenunua lingine la nini?"

Hapo nilianza kutunga kichwani barua ya kuomba radhi kwa nchi mbili, na nilikuwa nimekwama kwenye nani aanze kutajwa, balozi mzee alipoinuka. Alikuja akigonga fimbo, polepole, na mimi niliyemtazama tangu asubuhi nilijua ni kwa nini: muda wote alikuwa akijipindua kwenye kile kiti kama mtu mwenye nyonga mbaya, na tangu sofa liingie macho yake hayakuwa yameacha mito yake. Alisimama mbele ya jenerali akangoja. Jenerali alitazama dari. Kisha akasogea, kidogo, kama anavyosogea mtu kwenye benchi la zahanati.

Balozi akakaa, akashusha pumzi ambayo haikuhitaji mkalimani.

Shangazi, mwenyewe, bila kuruhusiwa na itifaki yoyote, alipita katikati ya ukumbi na kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Alichukua moja akaitafuna kwanza mbele yao, kama mwenyeji anavyopaswa, kisha akawapelekea. Jenerali aligeuza tunda lile kavu vidoleni kana kwamba ni risasi. Balozi alilitupa mdomoni, akatafuna, uso ukamkunjika, akatafuna tena. Jenerali alimtazama pembeni aone kama atakufa. Alipoona hafi, naye akaweka lake.

Walizungumza. Siwezi kudai nilielewa yote. Kwa mlango wa jikoni yalikuja maneno "ibara" na "kifungu kidogo" na vikombe vikigongana. Nilichojua ni kwamba saa sita ikapita, saa saba ikapita, na Kashozi kulikuwa na bibi harusi.

Saa saba na nusu simu ya Shangazi ililia mara ya tano. Alitaka niingie nikaombe sofa. Nilimwomba dakika moja nifikirie namna ya kusema. Nilifikiria kupitisha kikaratasi kwa afisa itifaki. Nikafikiria kuzima umeme. Nikafikiria kwamba tukiliondoa sofa na vita vikarudi, je, watu wa Kashozi watahesabiwa miongoni mwa wahusika? Nilipogeuka, Shangazi hakuwa pembeni yangu. Alikuwa mbele ya sofa, amepiga goti kwa adabu zetu zote.

"Samahani, waitu," alisema. "Kuna bibi harusi anangoja kiti hiki."

Mkalimani wa Juu akatafsiri. Mkalimani wa Chini akatafsiri. Wazee wawili walitazama chini, wakatazama kingo za dhahabu, na jenerali akageuka akavuta ncha ya kitenge nyuma yake. Moyo ukatokea, na waridi zake zote.

Aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza jambo, na mkalimani akapenga kwanza ndipo akatafsiri: "Anauliza, harusi iko mbali?"

"Si mbali," Shangazi alijibu, "ila kuna kilima, na mvua inakuja."

Jenerali akainuka. Akamngoja balozi atafute fimbo yake. Dakika kumi baadaye kikao kilifungwa. Hawakuwa wamekubaliana jambo lolote isipokuwa kukutana tena, na jioni redio ikasema mazungumzo yalifanyika katika hali ya ukaribu mkubwa.

Nilikwenda Kashozi nikiwa nyuma ya lori, nimekaa kwenye sofa la maharusi chini ya turubai, kwa sababu mtu alitakiwa kulishikilia kilimani. Mvua ilianza tulipopita shamba la kwanza la kahawa. Nilijihesabia: nafasi ya tatu, imekwenda. Watu ishirini nimepatia, mmoja nimekosea, na huyo mmoja ndiye pekee niliyekuwa na uhakika naye.

Tulifika bibi harusi akiwa amesimama chini ya mwavuli, na mama yake ametuandalia maneno. Yaliisha dereva aliposema ni akina nani waliokuwa wamekalia sofa. Bwana harusi alipangusa mahali pa balozi kwa leso, akakaa kwa uangalifu, akapigwa picha peke yake kabla ya kumkumbuka mkewe.

Shangazi alinikuta nyuma ya turubai la jikoni, ambako akina mama walikuwa wanamenya ndizi.

"Orodha yako yote ilikuwa huenda, huenda," alisema. "Wewe hata ukiulizwa kama leo ni Jumamosi unasema inawezekana. Huyu mmoja uhakika ulitoka wapi?"

Nilifikiria. "Alisema kama mtu anayemaanisha. Kwa hasira ile ile ya baba."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo. "Baba yako! Mimi nimelala naye chumba kimoja utoto mzima. Akisusa kula, alikuwa anazunguka jikoni akitutangazia kwamba hali. Kaka yetu mwingine, yeye akisusa kweli, hatumwoni." Akafuta macho. "Jumamosi ijayo tunafungua Muleba. Andika watakaokuja. Ukipatia, funguo zako. Ukikosea, unaijua njia ya Nshamba."

Hii ilikuwa nafasi ya nne, na sikuthubutu kumkumbusha.

Orodha ya Muleba niliiandika kwa siku nne. Mchungaji wa Shangazi, maana aliolewa kwa Walutheri. Mwenyekiti wa mtaa na mkewe. Kwaya ya dereva, isipokuwa soprano wawili wasiosemezana, na hao nao nikawaweka, pembe mbalimbali. Wenye maduka ya jirani. Jumla watu thelathini. Baba alinitumia ujumbe Jumatatu kwamba haji. Jumatano akatuma mwingine, iwapo wa kwanza haukufika. Ijumaa akapiga simu, na baba hapigi simu, kueleza kwa urefu sababu za kutokuja kwake na kuuliza, kwa kupita tu, shughuli inaanza saa ngapi.

Nilipanga viti thelathini. Halafu nikabeba kimoja zaidi nikakiweka mstari wa mbele, pembeni kidogo.

Shangazi alifika, akavihesabu kwa macho, akakiona. Alikuwa ameshika funguo za ghala, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli ukingojea maombi. Ndani tulikuwa tumeshusha mzigo asubuhi, ukiwemo mmoja mkubwa uliofunikwa shuka, ambao Shangazi alikataa kueleza ameuletea nini kutoka Bukoba.

Watu walikuja. Thelathini, hasa. Mchungaji akaomba. Mwenyekiti wa mtaa akahutubia. Kiti kilibaki kitupu, kikiwaka juani mbele ya watu wote, na soprano mmoja akataka kuweka mkoba wake juu yake, nikamkatalia kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Wali ukaanza kunukia. Shangazi alichezesha funguo. Nilianza kufikiria kwamba huenda kuna watu wanaotangaza na wakamaanisha. Kwamba huenda jenerali mmoja si ushahidi wa kutosha.

Kisha nikaona koti la kanisani la baba likikata kona ya duka la vifaa vya ujenzi.

Alisimama hatua mbili kutoka kwenye turubai, mikono nyuma, akatazama mabati ya paa.

"Nilikuwa napita," alisema.

"Nyegera, waitu," Shangazi alimkaribisha.

"Sikai."

"Ego, waitu," Shangazi alimkubalia, kisha akanikonyeza. Nikapeleka kibakuli cha kahawa. Baba alichukua moja, akaishika kiganjani bila kuitafuna. Akakitazama kiti. Akakizunguka mara moja. Akakigusa kwa kidole.

"Hiki ni cha plastiki."

"Ndiyo, baba. Vyote ni vya plastiki."

"Nimeona picha kwenye simu ya jirani. Jenerali hakukalia plastiki."

Thelathini wale wote wakageuza shingo. Shangazi, bila hata kunigeukia, alinirushia funguo.

"Lipo ndani," alisema. "Kamletee."

Nilikimbia hadi mlangoni. Funguo zilikuwa tatu, zote zinafanana. Niliziweka kiganjani nikazitazama, kwa sababu ukianza na usio sahihi unaweza kukwama, na ukikwama, mbele ya watu wote hawa—

"Jaribu wowote!" baba alipiga kelele nyuma yangu. "Mimi nimesimama!"